Antena ya gramu 185: nilivyoitengeneza, na inavyonitumikia Uluguru

Nimeipima kwenye mizani ya duka la viungo hapa mtaani, kila kitu kikiwa ndani ya mfuko wake: waya, transfoma, kebo fupi, kamba na kibao cha kuzungushia. Gramu 185. Ile niliyoanza nayo, ya kununua, yenye fimbo ya kuvutika, koili chini na miguu mitatu, ilikuwa na kilo moja na nusu, na bei yake ilipita shilingi 400,000. Nimepanda milima na zote mbili. Ya dukani sasa iko juu ya kabati, na hii ya kwangu haijakosa kwenye begi langu la safari tangu mwaka jana.

Niseme kwanza kwa nini nahangaika kubeba redio mlimani. Naishi Dar, na leseni yangu ya redio ya ridhaa, ya kuongea hewani na watu wa mbali kwa kupenda tu, ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (bila leseni usirushe mawimbi, hata kwa wati moja). Nyumbani kelele za umeme zimejaa kila bendi, yaani kila fungu la masafa: taa za LED, chaja za simu, inveta za majirani. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio kinaonyesha S7, kelele tupu, kabla sijamsikia mtu yeyote. Jumamosi moja moja napanda treni ya SGR asubuhi, nashuka Morogoro, nauanza mlima wa Uluguru kuelekea Morningside, kwenye lile jengo la kale la Wajerumani. Huko juu kelele zinakatika kabisa. Vituo ambavyo Dar ningeapa havipo, pale vinasikika kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Lakini kupanda kule kunakufundisha hesabu ya uzito. Redio ndogo ya wati 5, betri, maji lita tatu, chakula, koti la mvua. Kila gramu 100 unayoiacha nyumbani unaishukuru ukifika kwenye mteremko mkali, pale Waluguru wanapokupita na vikapu vya mboga kichwani kama vile wanatembea barabara tambarare.

Baada ya ile ya dukani nilijaribu daipoli, antena ambayo kila kitabu kinaanza nayo: waya mbili, kebo inaingia katikati. Inafanya kazi vizuri mno, siwezi kuisema vibaya. Tatizo ni kwamba katikati ndiko kunakotakiwa kuwa juu, kwa hiyo kebo yote inaning'inia hewani. Mita 10 za RG-58, kebo ya kawaida ya antena, peke yake zinakaribia gramu 400, na uzito huo unavuta chini nguzo yoyote nyembamba hadi inapinda kama mgomba wenye mkungu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzigo wa antena hauko kwenye antena. Uko kwenye kebo na kwenye kinachoishikilia kebo. Waya wenyewe hauna uzito wa kusema.

Basi nikahamia kwenye waya wa nusu wimbi (urefu wake ni nusu ya urefu wa wimbi la redio) unaolishwa kutoka mwisho. Mwisho mmoja unabaki chini karibu na redio, mwingine unapanda mtini. Kebo inakuwa ya mita tatu tu, tena ile nyembamba ya RG-174. Inapoteza nguvu kuliko RG-58, ni kweli, ila kwa mita tatu kwenye megahezi 14 hasara yake haifiki hata nusu desibeli. Na mti unabeba waya peke yake.

Gharama ya kulisha kutoka mwisho ni kwamba ukinzani wa pale ni mkubwa sana, karibu omu 2,450, wakati redio inataka omu 50. Ndiyo kazi ya transfoma: pete ya feraiti (aina ya kauri yenye chuma), mizunguko 3 upande wa redio na 21 upande wa waya. Mara saba kwa mizunguko, na ukinzani unakwenda kwa mraba wake, yaani mara 49. Waya wa kuzungushia nilipewa bure na fundi wa kusuka mota pale mtaani, kipande cha shaba yenye rangi, unene wa nusu milimita. Ile rangi ni lazima uikwangue kwa wembe mpaka shaba ing'ae, la sivyo solda haishiki.

Pete ndiyo iliyonisumbua. Nilidhani nitaokoa hela, nikafungua pawa saplai ya kompyuta mbovu nikatoa ile pete ya njano yenye ubavu mweupe. Usiifanye. Ile ni unga wa chuma, imetengenezwa kwa kazi nyingine kabisa, na kwenye masafa yetu inakula nguvu. Nilirusha kwa dakika mbili, nikaigusa, ilikuwa ya moto. Wati tano zote zilikuwa zinachemsha pete badala ya kwenda hewani. Unayotaka ni feraiti ya mchanganyiko namba 43, kipenyo cha milimita 21 inatosha kwa redio ya wati 5 au 10. Kariakoo nilizunguka siku nzima sikuipata, nikaagiza nje, ikachukua wiki tano. Agiza tatu kwa mkupuo. Utaharibu moja, na ya tatu utampa mwenzako.

Kuna kapasita pia, ya pikofaradi 100, inakaa sambamba na ule upande wa mizunguko mitatu. Inasaidia zaidi bendi za juu. Watu wanatishana kwamba lazima iwe ya kilovolti kadhaa. Kwa wati 5, upande ule volti hazifiki hata 20, kwa hiyo usikose usingizi. Volti ziko upande wa pili, kwenye waya: zaidi ya 110 kwa wati zilezile tano. Usiruhusu mtu ashike ule mwanzo wa waya unaporusha.

Sasa waya. Wazo langu la kwanza lilikuwa kebo ya intaneti, ile ya kuunganishia kompyuta. Ndani yake kuna nyaya nane nyembamba, ukinunua mita 11 una antena nane kwa bei ya chakula cha mchana. Duka moja Kariakoo likaniuzia kama shaba tupu. Nikarudi nyumbani nikachuna, nikaweka solda, solda ikawa inakusanyika tone tone na kudondoka kama maji juu ya jani la mgomba. Nikachukua kisu, nikakwangua ncha. Nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Haikubali solda vizuri, na ukiikunja mara tano sita inakatika. Tangu siku hiyo nikienda kununua waya natembea na kisu kidogo, nakwangua mbele ya muuzaji kwa adabu, na kama ndani ni nyeupe nashukuru naondoka. Hata ikiwa shaba kweli, waya wa kebo ile ni uzi mmoja mnene, haupendi kukunjwa kila wiki.

Nilioutumia mwishowe ni waya wa nyuzi saba nyembamba wenye ganda la plastiki, ule wanaouza kwa mita kwa ajili ya kuungia ndani ya vifaa. Mita 10 zina kama gramu 38. Hauvumilii kuvutwa sana, ukiubeba mzigo wa kilo tano umekwisha, kwa hiyo siufungi kwa kukaza. Mti ukiyumba na upepo, waya uwe na nafasi ya kuyumba nao.

Urefu: hesabu ni 143 ugawe kwa megahezi. Kwa 14.2 unapata mita 10 na sentimita 7. Kata mita 10 na nusu. Ganda la plastiki linafanya waya uitikie kama vile ni mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo utaishia chini ya ile hesabu. Wangu ulikaa sawa kwenye mita 9 na sentimita 86. Utajua unakwenda vizuri kwa sababu kila sentimita unayokata inapandisha masafa kwa karibu kilohezi 14. Niliazima kwa rafiki NanoVNA, kipimo kidogo kinachoonyesha antena inaitikia kwenye masafa gani, nikautundika waya kwenye mwembe wa uwanjani nikiwa nimeuweka kama nitakavyouweka mlimani, mteremko, mwisho wa chini mita moja na nusu kutoka ardhini. Hilo ni muhimu. Ukiupimia umelala kwenye paa la bati, majibu hayana maana. Mara ya kwanza ulikuwa unaitikia kwenye 13.4, nikakata kidogo kidogo, nikakunja ncha badala ya kukata pale mwisho ili nisipitilize. SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena (1 ndiyo kamili), ikatulia 1.3.

Safari ya pili waya ulikatika. Siyo katikati, wala siyo kwenye mti: palepale unapoingia kwenye transfoma. Nimeuangalia kwa karibu nikaelewa. Unapoweka solda kwenye nyuzi saba, inanyonywa inaingia ndani chini ya ganda, na zile nyuzi zinakuwa kitu kimoja kigumu. Pale ugumu unapoishia na ulaini unapoanza ndipo kila mtikisiko unapokusanyika, mpaka uzi mmoja unakatika, wa pili, wa tatu. Dawa yake ni kipande cha plastiki nilichokata kwenye kifuniko cha ndoo, nikakitoboa matundu matatu kama kifungo cha shati. Waya unapita juu, chini, juu, ndipo unafika kwenye solda ukiwa umelegea. Toka hapo haujakatika tena.

Transfoma inakaa ndani ya kikopo cha vidonge. Uluguru mvua haikuulizi, na mara moja maji yaliingia nikaona SWR inapanda hadi 3 wakati naongea na mtu. Nimeziba mifuniko kwa gundi ya moto, na nimetoboa tundu dogo chini kabisa ili unyevu ukiingia upate pa kutokea.

Kwa kuutundika natumia maarifa ya pwani: mshipi wa kuvulia na chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoano. Natupa chubwi juu ya tawi la mlingoti (mkaratusi), linashuka na mshipi upande wa pili, nafunga kamba ya nailoni kwenye mshipi, naivuta, na kamba ndiyo inayopandisha waya. Mshipi peke yake unakata vidole na unakata hata gome. Angalia sana nyaya za umeme: kama zipo karibu, hama mahali. Na ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, natoa kebo kwenye redio na kushusha waya. Msimu wa masika nimeshusha mara mbili kabla sijaongea na mtu hata mmoja, na sikuona shida.

Siku moja nilikuwa narusha chubwi kwa mara ya nne, mama mmoja akawa anashuka na mboga za kupeleka Soko la Kingalu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Huko juu ya mti unavua nini?" Nikamweleza. Akatua kikapu, akaniambia tawi ninalolilenga limeoza, nitupie lile la kushoto. Nikatupia lile, likashika mara ya kwanza. Akakaa kupumzika kidogo, nikamfungulia spika asikie. Alikuwa Mwitaliano anapiga Morsi, zile herufi za nukta na mistari. Kutoka pale hadi kwao ni kama kilomita 6,000. Mama akasikiliza, akasema, "Kumbe hewani kuna watu hivi." Kisha akajitwika akaendelea na safari.

Yule Mwitaliano alinipa 559, alama za usikivu: 5 ya kueleweka, 5 ya nguvu, 9 ya ubora wa sauti. Nguvu ya redio yangu ni kama ya taa ndogo ya ndani ya gari. Sehemu ya sifa ni ya mlima: mteremko wa Morningside unatazama kaskazini, ardhi inaanguka mbele ya antena, na mawimbi yanayotoka chini chini yanapata njia wazi kuelekea Ulaya. Kusini hali si hiyo, mlima wenyewe unasimama kama ukuta. Afrika Kusini, ambayo ni karibu zaidi, mara nyingi naisikia kwa shida kuliko Ulaya.

Ubaya wake? Ni bendi moja tu, mita 20 (ndiyo ile ya megahezi 14), na ikifungwa, yaani mawimbi yake yasipofika mbali, umefungwa nayo. Mahali pasipo mti unahitaji fimbo. Ukinunua ya kuvulia hakikisha ni ya faiba, maana za kaboni zinapitisha umeme na zitaiharibu antena. Na kebo fupi ina maana redio inakaa pale mti unapotaka, siyo pale penye kivuli.

Gharama yote, ukitoa kipimo nilichoazima, ilifika shilingi 43,000, na kubwa lilikuwa pete na usafirishaji wake. Kuitundika sasa kunanichukua dakika nane. Wiki hii nimekata mita 10 nyingine za waya uleule, nitaziunga mwishoni kwa kiungio cha kuchomoa ili nipate na bendi ya mita 40, niwasikie wenzangu wa Mwanza na Nairobi jua likizama. Zimeongeza gramu 41 na kiungio chake.