Kamera ya dashibodi iliyogombana na ufunguo wa Harrier yangu

Kamera yenyewe sina ugomvi nayo. Picha ya mchana ni safi, namba ya gari la mbele inasomeka, usiku inajitahidi. Shida ni kale kaboksi keusi kanakokuja nayo, ka kushusha umeme kutoka volti 12 hadi 5 ili irekodi hata gari likiwa limezimwa.

Ilipofungwa tu, Toyota Harrier yangu (toleo wanaloliita Anaconda) ikaanza vituko. Nashika kitasa, ufunguo uko mfukoni, kimya. Nabonyeza rimoti, kimya, mpaka niisogeze karibu kabisa na kioo, wakati zamani nilikuwa nafungua nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Nikiingia, dashibodi inalalamika haiuoni ufunguo, hadi niugusishe kwenye kitufe cha kuwashia ndipo gari liitike.

Fundi wa kwanza alibadilisha betri ya ufunguo, wapi. Wa pili akataka kuniuzia ufunguo mpya na kuuprogramu, bei yake usiulize. Lakini ufunguo wa akiba nao ulikuwa unagoma, tena nyumbani, kazini, popote, kwa hiyo si mawimbi ya mnara wa simu wa jirani wala si ufunguo. Nikachomoa fyuzi ya kamera: mlango ukafunguka hapo hapo. Nikairudisha: ukagoma.

Magari mengi ya soko la Japani husikiliza ufunguo kwa mawimbi ya redio, kwenye masafa ya karibu megahezi 315. Kaboksi hako hukata na kuunga umeme kwa kasi kubwa mno, na kasipokuwa na kichujio cha maana hutapika kelele za mawimbi, gari likawa kama kiziwi. Marekani, mjini North Olmsted, Ohio, mwaka 2019 rimoti za magari na za milango ya gereji ziligoma mtaani kwa wiki kadhaa. Chanzo kilikuwa kifaa cha betri alichojitengenezea mkazi mmoja, kikirusha mawimbi ya megahezi 315 bila kupumzika.

Kamera nimebaki nayo, kaboksi nimetupa. Nimeweka kingine chenye ganda la chuma na kichujio, waya nimeuvisha ile pete nyeusi ya kupunguza kelele za mawimbi, kama ya waya wa kompyuta. Rimoti imerudi, ingawa si kwa umbali wote ule wa zamani. Kamera naipa nyota nne, kaboksi sifuri. Ukinunua, iunganishe kwanza juujuu na ujaribu ufunguo kabla fundi hajaficha waya, maana kufungua plastiki za dashibodi mara ya pili analipisha upya.