Postfix barua zinapokwama: tathmini kwa msimamizi wa seva

Postfix, programu huria ya kupeleka barua pepe ambayo Wietse Venema aliiandika akiwa katika kituo cha utafiti cha IBM na ambayo ilitolewa kwa umma mwaka 1998, husifiwa zaidi kwa usalama wake. Mimi naipima kwa kigezo kingine: barua inapogoma kutoka, msimamizi wa seva anapata wapi sababu?

Kwa hilo inastahili sifa. Amri ya postqueue -p huorodhesha barua zilizo kwenye foleni, na kwa kila iliyokwama huonyesha ndani ya mabano sababu yake, kama vile jibu la seva ya upande wa pili lilivyotolewa. Anayetaka undani hufungua faili la kumbukumbu, ambalo kwenye Debian za kabla ya toleo la 12 kwa kawaida ni /var/log/mail.log, akaifuata barua kwa namba yake tangu ilipopokelewa. Humo kuna kipengele cha delays, ambacho nakipenda kuliko vyote, chenye namba nne za sekunde: muda kabla ya kumfikia meneja wa foleni (sehemu ya Postfix inayopanga barua za kutumwa), muda uliotumika kwake, muda wa kuunganisha na muda wa kusafirisha. Ya tatu ikisoma 30 na mstari ukaishia na “Connection timed out”, usihangaike na mipangilio ya kikoa. Yaelekea poti 25, ambayo seva hupelekeana barua kupitia kwayo, imefungwa njiani, kama Google Cloud wanavyofanya kwa wateja wao, na dawa yake ni kuelekeza relayhost, yaani seva ya kati ya kupitishia barua, kwenye huduma inayopokea kwa poti 587.

Neno la status katika kumbukumbu hizo nalo halina utata: deferred maana yake Postfix itajaribu tena, na bounced maana yake imekata tamaa, mara nyingi kwa sababu seva ya pili imetoa jibu lenye msimbo unaoanza na 5, yaani imekataa kabisa.

Kasoro yake kubwa ni ukimya. Kwa mipangilio ya awali, barua iliyoahirishwa huweza kukaa kwenye foleni hadi siku 5 bila mtumaji kuambiwa lolote, kwa sababu delay_warning_time, mpangilio wa muda wa kumtahadharisha mtumaji, imewekwa sifuri, yaani imezimwa. Mhasibu aliyetuma ankara Jumatatu ataendelea kuamini kwamba imefika hadi mwishoni mwa wiki, ilhali sababu imeandikwa wazi kwenye seva ambayo yeye haruhusiwi kuigusa. Saa 4 zingekuwa kiwango cha busara, na sioni kwa nini kila msimamizi aachiwe kulibadilisha hilo mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba Postfix yenyewe haisaini barua kwa DKIM (saini ya kidijitali inayothibitisha kikoa cha mtumaji), hivyo lazima iambatanishwe na programu nyingine kama OpenDKIM au Rspamd. Tangu Februari 2024, Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutumia kikoa chake) au DKIM, na anayewatumia watumiaji wake barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC (sera ya kushughulikia barua zisizopita ukaguzi huo). Rekodi ya PTR, inayoonyesha jina la seva kwa anwani yake ya IP, nayo ni ya lazima, na wengi huisahau upande wa IPv6; mpangilio wa inet_protocols = ipv4, unaoifanya Postfix itumie IPv4 pekee, hutuliza tatizo hilo kwa muda.

Zana za kusafisha foleni zinahitaji mkono mtulivu. Amri ya postsuper -d ALL hufuta kila barua iliyomo, hata zile ambazo zingefika baada ya dakika chache, wala haiulizi kama una hakika. Kinga pekee iliyowekwa ni kwamba ALL lazima iandikwe kwa herufi kubwa.