Spider-Man 2: suti iliyochuja rangi

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mwaka wa 19 sasa, na nikiangalia picha macho yangu yanakimbilia kwenye mshono. Kwa hiyo Spider-Man 2 ya mwongozaji Sam Raimi, ya mwaka 2004, naianzia pale Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man kwa siri, anapofua. Anatoa nguo zake nyeupe kwenye mashine na kukuta zimeshika rangi. Suti imechuja!

Mteja akiniletea kitenge chekundu cha kuunganisha na kitambaa cheupe, nakilaza usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya chumvi kabla mkasi haujakigusa, na asubuhi bado naenda kuyatazama yale maji moyo ukidunda. Yule kijana hakuloweka. Hakuwa na wa kumwambia. Baadaye, nguvu zinapomwishia juu ya jengo, anashuka kwa lifti na mtu asiyemjua. Anaulizwa suti kaipata wapi, anajibu kaishona mwenyewe, kisha anakiri kwamba inawasha na inabana kwenye msamba. Tumezoea stelingi ambaye nguo yake haijui jasho. Huyu nilimwamini palepale.

Ukweli ni kwamba suti yenyewe ilikuwa inanikera tangu picha ya kwanza, ya 2002. James Acheson aliibuni vizuri mno: zile nyuzi za utando zimeinuka juu ya kitambaa, zimekaa sawa kila kona ya mwili. Mwanafunzi asiye na hela hawezi kuitoa kazi ile chumbani kwake. Ile nguo iliyochuja ndiyo iliyolipa deni hilo.

Watu wakibishana kuhusu picha zilizotoka kwenye vitabu vya katuni, swali huwa moja: inafanana na kitabu? Mpwa wangu alinionyesha toleo la 50 la The Amazing Spider-Man, la 1967, aliloandika Stan Lee na kuchora John Romita. Kuna ukurasa ambao mvua inanyesha kichochoroni, suti imening'inia kwenye pipa la taka, na Peter anaondoka ametupa mgongo. Raimi aliuchukua ukurasa huo karibu kama ulivyo. Lakini kabla ya kutufikisha kwenye pipa ametupitisha kwingine kwanza: kijana amefukuzwa kazi ya kupeleka piza kwa kuchelewa, anadaiwa kodi ya chumba, shangazi yake amenyimwa mkopo benki, na Mary Jane, msichana anayempenda, ameigiza jukwaani huku kiti alichomwekea kikiwa kitupu. Suti inapotupwa, unajua imemgharimu nini kuivaa.

Na pale alipoacha kukifuata kitabu, aliacha kwa sababu. Kitabuni utando unatoka kwenye kifaa alichobuni Peter na kukifunga kwenye kifundo cha mkono. Hapa unatoka mwilini. Hivyo moyo ukisita, utando nao unakatika, na mwenzako anaanguka. Daktari Octopus wa vitabuni ni adui tangu 1963. Alfred Molina, anayemwigiza hapa, anatupa kwanza mwanasayansi anayemkaribisha Peter mezani kwake na kusimulia jinsi alivyojifunza mashairi kwa ajili ya mke wake. Mke huyo anapokufa kwenye jaribio la mume wake, nilisimamisha picha, nikaenda kunywa maji. Ile mikono minne ya chuma ya Octopus nayo, mara nyingi ni vikaragosi halisi vilivyochezeshwa na watu. Ikikanyaga sakafu unausikia uzito wake.

Mwisho haukunikolea. Lile jua la kutengenezwa la jaribio la Octopus linazimwa kwa kuzamishwa mtoni, na Mary Jane anabaki kufungwa na kupiga kelele tu. Dada yule alistahili zaidi.

Ila treni! Tukio hilo limepigwa picha Chicago ingawa hadithi ni ya New York, na sijali. Peter anasimama mbele ya behewa kuizuia treni isiyosimama, kinyago hana, utando umeshika majengo pande zote mbili, na suti inaachia. Inachanika kifuani na mikononi, vipande vinafunuka kimoja baada ya kingine. Treni inasimama, naye anaishiwa nguvu. Mikono ya abiria inamdaka kabla hajadondoka, wanampitisha juu kwa juu hadi ndani na kumlaza chini. Wanamtazama usoni na kuona ni kijana tu, rika la watoto wao. Kisha wavulana wawili wanamrudishia kinyago na kuahidi hawatasema.

Mara ya kwanza niliiona kwenye banda la video, ikiwa imetafsiriwa, na banda zima lilikuwa kimya. Mwanafunzi wangu wa ushonaji nimemwonyesha mwezi uliopita. Dakika 127, naipa tisa kwa kumi. Kama unayo kwenye flashi, isimamishe pale wanapomlaza, uangalie nguo ilivyochanika: hakuna mkato ulionyooka hata mmoja, kitambaa kimevutwa mpaka kikashindwa.