TAHADHARI: Kabla hujalipia mtangazaji wa maonyesho ya ndege, soma hii kwanza

Wakuu, habari zenu. Hii stori nimekaa nayo wiki tatu nikiona aibu kuandika, lakini juzi nimeona picha za wale wakora waliokula pesa yetu zimerudi na jina jipya, sasa acha niseme tu.

Sisi ni klabu ndogo ya watu wa ndege ndogo, tuna uwanja wetu wa nyasi upande wa Kajiado, na kila mwaka tunafanya siku moja ya familia, watu wanakuja na watoto, nyama choma iko, marubani wetu wanarusha ndege watu wanafurahi wanaenda nyumbani. Mwaka huu tukataka kitu cha maana. Karatasi za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, tukashughulikia mapema, tukapata Tiger Moth ya mzee mmoja, Super Cub mbili na kijana mwenye Pitts ya kupiga sarakasi angani. Kilichobaki ni mtu wa maiki. Miaka yote maiki tunashika wenyewe, lakini mwenyekiti akasema hapana, safari hii tutafute mtu wa kazi hiyo hasa.

Mtu akatupia linki kwa grupu. Ukurasa msafi, picha za watu na hedseti, pembeni wameweka nembo ya ICAS, ile baraza ya watu wa maonyesho ya ndege iliyoko Marekani ambayo kila Desemba hukutana Las Vegas na waandaaji huenda huko kutafuta marubani na watangazaji. Halafu kuna klipu ya sauti. Hiyo sauti, wacha! Nzito, imetulia, jamaa anaeleza ndege ikipanda mpaka unaiona. Tuliisikiliza mara tatu kwa spika ya gari tukasema huyu ndiye.

Tukaambiwa ni Mwingereza na ameshakuwa sauti ya Blue Angels, kile kikosi cha maonyesho ya ndege cha jeshi la wanamaji la Marekani. Hapo ndipo ningeshtuka kama akili ingekuwa nyumbani siku hiyo. Blue Angels hawakodishi mtu wa kuwatangaza, wana wao, rubani wao namba 7, mwanajeshi, na Thunderbirds, wenzao wa jeshi la anga, nao kazi hiyo ni ya namba 8. Ukisikia mtu anakuambia alikuwa sauti ya Blue Angels muulize alikuwa na cheo gani jeshini.

Bei ilikuwa shilingi 240,000, nusu mbele. Kutuma M-Pesa jina likatokea la mtu binafsi, sio la kampuni, nikauliza, nikaambiwa huyo ni mhasibu wetu, nikabonyeza. Siku nne baadaye wakaitisha 28,000 ya eTA ya mgeni, kile kibali cha kuingia Kenya. Sasa eTA ni kama dola 30, na mtu hujilipia mwenyewe kwa simu akiwa kwao, hiyo naijua vizuri kwa sababu shemeji yangu anafanya kazi ya kupokea watalii. Na bado nikatuma. Msiniulize. Nilikuwa nimeshaingia box, na mtu akiwa ndani ya box haoni nje.

Zikibaki siku mbili, meseji: mgeni anaumwa, lakini mwakilishi wetu wa Afrika Mashariki atafika. Yaani mzungu amekula fare, mtu mzima hivyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi mwakilishi akashuka kwa bodaboda, suti ya bluu inang'aa, kijana mpole kweli. Tukamwambia aingie kwa mkutano wa asubuhi wa marubani akasema yeye anapumzisha koo. Wanaojua hii kazi mshaelewa. Huo mkutano ndio unasema nani anaruka saa ngapi, upepo uko wapi, mwisho wa kushuka chini ni futi ngapi, na kukitokea balaa nani anaongea na nani ananyamaza. Mtu wa maiki asipokuwepo hapo atakuwa anabahatisha siku nzima.

Na alibahatisha. Tiger Moth akasema ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita viliisha 1918 na Tiger Moth ya kwanza iliruka 1931, bahati mzee mwenye ndege alikuwa anapasha injini hakusikia. Cessna 172 ya mgeni ilipotua akaiita jeti. Watu wakacheka, hata sisi tukacheka.

Kisha kijana wa Pitts akapanda, akafungulia moshi. Ule moshi wa maonyesho ni mafuta mepesi yanapulizwa kwenye ekzosi ikiwa moto, yanatoka meupe, ndege iko sawa kabisa haina shida. Mwakilishi wetu hakuwa anajua hilo. Akapiga nduru kwa spika nne kubwa, "Inaungua! Jamani inaungua! Yesu!" Wamama wakanyakua watoto, wengine wakakimbilia magari, na kuna wale, hawa ndio bado nawaota, waliruka kamba wakakimbia kuelekea njia ya ndege kutua ati wakasaidie. Super Cub ilikuwa imeshajipanga inashuka. Mwenzetu wa redio akaiambia ipande tena izunguke, mimi nikapokonya maiki, nadhani nilisema "kaeni chini" kama mwalimu wa darasa la tatu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini ilichukua robo saa watu kurudi nyuma ya kamba na kijana wa Pitts alitua bila kumaliza.

Kuna walioniambia baadaye punguza presha, ni maiki tu. Ramstein Ujerumani 1988 walikufa watu 70, Sknyliv kule Ukraine 2002 watu 77, wengi wao walikuja kutazama tu kama hawa wetu. Siku mbaya ikifika, sauti pekee inayofikia umati wote ni ya huyo mtu wa maiki, yeye ndiye anawaambia mbaki hapo, fungueni njia ya ambulensi. Huwezi kumpa hiyo kazi mtu ambaye hajui moshi ni nini.

Kijana mwenyewe simlaumu. Jioni alituambia alikodishwa kwa 8,000, amepewa 3,000, na aliambiwa ni birthday ya mtoto wa rubani. Kwao yeye ni MC wa harusi. Tulimpa nyama na nauli.

Klipu je? Mpwa wangu aliipata YouTube kwa dakika kumi, ni ya mtangazaji wa Marekani, wakora wamekata tu pale anapotaja mji.

Baadaye nimeongea kwa video na mtangazaji wa kweli wa Afrika Kusini. Dakika ishirini hajataja pesa, ananihoji mimi. Saa tisa jua liko mbele ya watu au nyuma? Spika zinafika mwisho wa kamba? Nani anaongoza ndege, na nitakaa karibu naye tusikizane? Mkutano wa marubani ni saa ngapi? Kukiwa na ajali nani ananiruhusu kusema? Wale wengine wiki tatu nzima hawakuwahi kuniuliza hata uwanja uko wapi.

Kwa hivyo mpigie video, mtajie ndege moja yako na mwambie aitangaze hapo hapo, hiyo klipu achana nayo. Jina la biashara litafute kwa eCitizen, pesa iende kwa till au akaunti ya hilo jina, na "mhasibu wetu" asikuingie. Ile ya kutuma meseji ya M-Pesa kwa 456 ili pesa irudishwe nilijaribu, lakini pesa ilikuwa imeshatolewa.

Nimeandikisha OB kwa polisi, namba zao zimezimwa. Jina siweki hapa kwa sababu lile la kwanza wameshalitupa na hili jipya watalitupa pia, lakini klipu bado ni ile ile, sekunde 47. Kwenye sekunde ya 31 kuna mtoto analia kwa mbali halafu mwanamke anacheka. Ukiisikia hiyo, ni wao, nicheki inbox nikupe skrinshoti.