Kuomba chuo na mkopo katika steshenari ya Mtwara mjini: maoni ya mteja

Steshenari ninayoizungumzia haina kibao. Ipo Mtwara mjini, na kinachoitambulisha ni karatasi moja iliyobandikwa mlangoni kwa solotepu, yenye maandishi ya kalamu nene: "Maombi ya vyuo, mkopo, RITA." Nilifika hapo mwezi Julai nikiwa na mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye alikuwa ametoka kupata matokeo ya kidato cha sita na ambaye afya haikumruhusu kwenda kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) pamoja na wenzake. Tulitoka Nanyamba alfajiri tukiwa na bahasha ya vyeti na fedha za ufuta, kwa kuwa msimu huo mikorosho bado inapuliziwa salfa na hakuna mkulima wa huku mwenye fedha za korosho mkononi.

Ni lazima nieleze kwanza kwa nini niliingia pale nikiwa na wasiwasi. Mwaka uliotangulia binti yangu alikuwa kambini, simu hana, nami nikakabidhi vyeti vyake katika duka jingine ili wamwombee. Walimwombea kweli, na alichaguliwa na vyuo viwili. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo anachokitaka, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Namba ile haikuja kwangu wala kwa binti yangu. Ilikwenda kwenye simu ya kijana wa dukani, kwa sababu alijaza namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri analijua yeye peke yake. Naye wakati huo alikuwa msibani Newala. Tulimpata jioni ya siku ya mwisho. Nisingependa mzazi mwingine aupitie usiku wa jinsi ile.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililolitazama katika steshenari hii ni namba ya nani itajazwa. Binti anayehudumia alipofika kwenye sehemu hiyo aliacha kuandika, akamgeukia kijana.

"Mdogo wangu, namba hii ni ya nani?"

"Ya Shangazi."

"Shangazi ndiye atakayekwenda chuo? Weka yako, unayolala nayo."

Kisha akamfungulia barua pepe mpya, akamsogezea kibodi, na kijana alipokuwa akiandika neno la siri yule binti aligeuza uso akatazama mlangoni mpaka alipomaliza. Alimtaka aliandike katika daftari lake, si katika karatasi ya dukani. Kwa tendo hilo peke yake mimi niko tayari kuwaelekeza watu wa Tandahimba, Nanyamba na Mikindani waende pale.

Jambo la pili ni namna anavyomshirikisha mwombaji katika kuchagua kozi. Tangu mwaka 2017 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo husika, kila chuo na mfumo wake na ada yake, na hapo ndipo fedha za watu hupotea, maana mwombaji anaweza kulipia kozi ambayo sifa zake hana. Tume hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha sifa za kila kozi katika kila chuo. Binti aliufungua, akamwambia kijana asome mwenyewe kwa sauti. Kijana wetu alisoma mchepuo wa EGM na alipata C ya Jiografia, D ya Uchumi na E ya Hisabati. Kwa kuwa C ni pointi tatu na D ni mbili, masomo hayo mawili yanampa pointi tano, ambazo zinavuka kiwango cha jumla cha kuingia shahada, yaani pointi nne. Lakini kozi ya takwimu aliyokuwa ameikusudia, katika chuo alichokitaja, inadai angalau D ya Hisabati. Nilimwona kidole kikisimama kwenye mstari ule. Aliurudia mara mbili bila sauti, kisha akauliza kama ipo kozi ya mipango. Hakuambiwa na mtu kwamba hafai. Aliyaona mwenyewe masharti, na shilingi 10,000 ya ada ya maombi ikabaki mfukoni. Mwisho wa yote tuliomba vyuo vitatu.

Upande wa mkopo nao walikuwa waangalifu, ingawa hapa nina malalamiko. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Binti aliviweka vyeti viwili sambamba mezani, akapitisha rula chini ya majina. Cha kuzaliwa kilisema baba ni Said. Cha kifo kilisema Saidi. Herufi moja, ambayo sisi nyumbani hatukuwahi kuiona, kwa kuwa kaka yangu tulimwita kwa namna zote mbili maisha yake yote. Alikataa kuendelea na malipo ya shilingi 30,000 ya ombi la mkopo hadi tumwone wakili kwa ajili ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Tulipoteza nusu siku, lakini ni afadhali kuipoteza Julai kuliko kugundua hitilafu hiyo baada ya dirisha kufungwa.

Malalamiko yangu ni haya. Fomu ya mkopo ikishachapwa inarudi kijijini kusainiwa na serikali ya kijiji, inapita kwa wakili au hakimu, kisha inaskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo. Hilo tuliambiwa. Hatukuambiwa kwamba picha ya mdhamini na nakala ya kitambulisho chake navyo vinahitajika. Tuliporudi kutoka Nanyamba na fomu iliyosainiwa ndipo tulipoulizwa picha, ikatubidi tusafiri mara ya tatu, na nauli ya watu wawili kwa safari hizo iliizidi gharama ya huduma yenyewe. Orodha ya viambatisho ingebandikwa mlangoni kando ya ile karatasi yao, tatizo hili lisingekuwepo.

Bei nazo hazijaandikwa popote. Tulitozwa shilingi 10,000 kwa msaada wa vyuo vyote vitatu, nami naona ni haki kabisa kwa muda tulioketi. Kuskani kulikuwa shilingi 300 kwa ukurasa, jambo ambalo nililijua wakati wa kulipa tu. Malipo ya vyuo na Bodi tuliyafanya wenyewe kwa simu kwa kontroli namba, hakuna fedha iliyopita mkononi mwa mtu, na hilo nalisifu. Viti ni vinne, na wiki ya pili baada ya matokeo foleni hufika barabarani juani.

Anayetaka kwenda afike mapema, siku chache tu baada ya matokeo kutoka, akiwa na mwombaji mwenyewe, simu ya mwombaji ikiwa na chaji, vyeti halisi, picha za mwombaji na mdhamini, na nakala ya kitambulisho cha mdhamini. Safari ile ya tatu, binti aliiskani picha ya mdhamini bila kututoza, akamtaka kijana aingie kwenye akaunti yake kwa neno lake la siri na kubonyeza mwenyewe kitufe cha kutuma.