Miaka mitatu na SUV ndogo ya bei nafuu: uvungu nimeupata, nguvu bado

Nilipotafuta gari nilikuwa na sababu moja kuliko zote: magoti ya mama. Kuingia kwenye gari letu la zamani la saluni, lile la chini, ilibidi ajishushe kama anayekalia kigoda, na kumtoa ilikuwa kazi ya watu wawili. Kwenye gari la sasa kiti kiko usawa wa nyonga zake. Anafungua mlango, anageuka, anakaa. Akifika anateremsha miguu na kusimama mwenyewe. Hilo peke yake limenifanya nisijute, na nalitanguliza kwa sababu mengi yanayofuata ni malalamiko.

Ni SUV ndogo ya toleo la chini kabisa: injini ya lita 1.5 isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), gia otomatiki ya CVT, inavutwa na magurudumu ya mbele tu. Nililinunua jipya, sasa lina kilomita 58,000.

Magari ya aina hii yana damu ya saluni, na hakuna aliyeficha hilo. Toyota ilipotoa RAV4 mwaka 1994, bodi na fremu vilikuwa kitu kimoja kama kwenye saluni, badala ya bodi kukalishwa juu ya chesi kama kwenye magari ya kazi. Ndiyo sababu SUV ndogo ni laini, haziyumbi sana kwenye kona, na ni rahisi kuziegesha. Mimi niliona gari limeinuka nikadhani litapanda popote.

Kitabu chake kinasema uvungu ni milimita 190. Likiwa tupu, kweli, matuta linavuka bila kugusa. Lakini siku tulipokuwa watu watano na buti limejaa nilichukua rula: nyuma lilikuwa limeshuka sentimita 4. Tena kinga ya chini ya injini ilikuwa ya plastiki, ikachanika mwaka wa kwanza kwenye ukingo wa shimo. Fundi alinikatia nyingine ya chuma, na hadi leo naona hayo ndiyo marekebisho ya maana kuliko yote niliyolifanyia.

Kilichonifundisha gari hili ni kilima kimoja cha kokoto. Tulikuwa wanne, mizigo nyuma. Katikati ya mlima gurudumu moja la mbele likaanza kuzunguka bure, taa ya kudhibiti utelezi ikawa inawaka na kuzima, gari likasimama. Baadaye nilielewa kwa nini. Gari likipanda, uzito unahamia nyuma. Abiria na mizigo wanauongeza hukohuko, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta, yanabaki mepesi. Halafu difu ya kawaida, yaani gia inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, inaliachia linaloteleza lizunguke, na lenye mshiko halipati nguvu ya kutosha. Kompyuta inajaribu kusaidia kwa kulifunga breki lile linaloteleza na kupunguza nguvu ya injini, na mlimani kupunguziwa nguvu ndiyo msiba wenyewe. Abiria walishuka, nikazima udhibiti wa utelezi kwa kitufe, nikapanda taratibu. Gari lilipita. Ila kwa mtu ambaye njia yake ya kila siku ina mlima wa udongo, nasema bila kusita: lipia zaidi upate linalovutwa na magurudumu yote manne, au achana nalo.

CVT nayo ina tabia yake. Haina gia za kuhesabu. Ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Kwenye foleni ni raha tupu, hakuna mtikiso hata kidogo. Nikikanyaga mafuta ili kulipita lori refu, injini inapiga kelele kwanza, kasi inafuata baadaye. Mwanzoni ilinitia hofu kweli. Sasa sianzi kupita lori mpaka nione barabara tupu kwa umbali ambao ningeuona mwingi mno nikiwa na gari lingine, na nikiwa nimejaza abiria huwa navumilia tu kukaa nyuma yake. Siku ile ya kilima taa ya joto la gia ilikuwa imewaka pia. Nilisimama, nikaliacha lipoe. Fundi wangu alinishauri oili ya CVT ibadilishwe kila kilomita 50,000, na iwe ya CVT hasa, isiwe ya gia otomatiki za kawaida. Nimefanya hivyo na gia haijanisumbua.

Mafuta sina lawama. Mjini napata kilomita 11 kwa lita, safarini kilomita 15 nikitembea 90 kwa saa. Nikifika 120 inashuka hadi 12, kwa sababu gari lililoinuka lina kifua kipana mbele ya upepo, na ukinzani wa hewa kutoka 90 hadi 120 unaongezeka karibu mara 1.8. Nimezoea 90.

Kiyoyozi kinapoza vizuri. Kelele za tairi ni nyingi kwenye lami mbaya. Plastiki za milango zinachubuka kwa kucha. Vifungio vya Isofix, vya kubania kiti cha mtoto kwenye gari, vipo, kiti cha mtoto kinashika imara. Tairi la akiba ni lile jembamba la kutembelea usizidi 80 kwa saa, kwa hiyo pancha ikitokea mbali na mji, safari yote iliyobaki ni ya polepole.

Kama unakwenda kulijaribu gari la aina hii, usiende peke yako na muuzaji. Nenda na watu wanne wazito, omba njia yenye mlima, na kama mnaweza wekeni mizigo kwenye buti. Sikiliza injini mkiwa katikati ya mlima. Kisha mwite mzee wa nyumbani kwako aingie na kutoka mara mbili tatu, mtazame magoti yake.