Uzoefu Wangu: Kuhamishia Kanda za Rapu za Utotoni kwenye Flashi

Mwezi uliopita nilipeleka kanda saba za kaseti kwa fundi mmoja wa Kariakoo anayehamishia sauti za zamani kwenye flashi, na kwa kuwa watu kadhaa wenye makasha ya kanda uvunguni wameniuliza kama kazi hiyo inalingana na fedha inayotozwa, naeleza hapa yaliyonipendeza na yaliyoniudhi. Bei ilikuwa shilingi 8,000 kwa kanda ya dakika 60 na shilingi 12,000 kwa ya dakika 90, na flashi unakwenda nayo mwenyewe.

Inabidi nianze na kanda zenyewe, maana bila hizo malalamiko yangu yataonekana ya ajabu. Alizirekodi kaka yangu kati ya mwaka 1992 na 1996, nyumbani kwetu Magomeni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo Run-DMC na Public Enemy, makundi ya rapu ya Marekani, walitufikia kwa mkono, katika kanda ambayo kaka aliiazima kwa rafiki, naye rafiki aliiazima kwa mwenye ndugu Ulaya. Wakubwa waliiita rapu muziki wa kufokafoka, na sina budi kukiri kwamba jina hilo liliutosha. Nilikuwa na miaka minane, Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu na kusalimia, nami nilichokipenda ni ule mdundo mkavu na mtu anayesema maneno kwa kasi kana kwamba amekasirishwa na jirani lakini hataki kupoteza vina.

Kisha kaka akaja na kanda ya Saleh Jabir, ambaye mwaka 1991 alichukua midundo ya Kimarekani, ukiwamo ule wa rapa Vanilla Ice uliokuwa ukivuma duniani, akaghani juu yake kwa Kiswahili. Siku hiyo nilielewa kila neno, na nakumbuka nilimtazama kaka kuhakikisha kwamba naye anasikia ninachosikia. Baadaye wakaja Kwanza Unit, kundi la rapu la hapa Tanzania, akaja rapa Mr. II ambaye mwaka 2010 wananchi wa Mbeya Mjini walimchagua kuwa mbunge wao (mama yangu hakuamini kwamba ni yule yule wa kanda), na Radio One ilipoanza kusikika mwaka 1994 kaka alishinda jioni nzima ameweka vidole viwili juu ya vitufe vya kurekodia, akiomba mtangazaji anyamaze mapema.

Redio yetu ilikuwa na mlango mmoja tu wa kaseti. Ili kunakili kanda ya kuazima, kaka alikuwa akileta redio ya jirani, anaziweka mbili zikitazamana kitandani, anafunga dirisha, kisha anatuamuru tusipumue. Umeme ukikatika, kazi iliendelea kwa betri zilizokuwa zimeanikwa juani zirudishe nguvu kidogo, nazo zikichoka mota ilizunguka polepole. Ndiyo maana kanda zilizorekodiwa hivyo, ukizicheza kwa umeme, sauti hupanda na wasanii wote huonekana watoto.

Hapo ndipo fundi alipostahili kila shilingi niliyomlipa. Kanda nne zilikuwa na ukungu mweupe, jambo la kawaida kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, naye alizifungua skrubu mbele yangu, akausafisha utepe kwa subira, akabadilisha kile kipande kidogo cha sifongo kinachougandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea, ambacho katika kanda za zamani hubanduka na kuifanya sauti ififie. Kisha alikizungusha kichwa chenyewe kwa bisibisi nyembamba, taratibu, hadi sauti za juu zikafunguka, na kwa kila kanda alirudia upya, kwa kuwa kila redio ilirekodi kwa pembe yake. Zile za betri alizirekebisha mwendo hadi sauti zikawa za watu wazima. Hakuna njia ya mkato katika kazi hii, kwani kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90 kuhamishwa, hivyo mtu akikuahidi kanda saba kwa saa moja, mwondokee.

Siku ya kuchukua kazi nilisikiliza hapo hapo kwa spika za masikioni. Nyimbo zilikuwa safi mno, zimekatwa moja moja, kila moja ikianza kwenye mdundo na kuishia kwenye mdundo. Nilimwuliza kulikoni kanda ya tatu imepungua dakika sita.

“Dada, kulikuwa na kelele za watu katikati ya nyimbo, nimekusafishia,” alinijibu kwa fahari ya kazi yake.

Kelele hizo ndizo nilizozifuata. Nilijua kwamba upande wa pili wa kanda ile, baada ya wimbo wa nne, kaka anasema “nyamazeni, inaingia,” mlango unalia, na marehemu bibi anauliza kutoka uani ni nani aliyechukua ndoo yake. Fundi hakuwa na kosa kubwa, kwa sababu wateja wengi humpelekea nyimbo, nami sikumwambia lolote. Hata hivyo ilimpasa kuuliza kabla ya kukata. Kwa bahati alikuwa amehifadhi nakala ambayo haijaguswa, akanipa bila malipo ya ziada, ingawa ilinibidi kununua flashi nyingine, kwa kuwa sauti isiyobanwa ili kupunguza ukubwa wa faili hula takriban megabaiti kumi kwa kila dakika.

Nampa nyota nne kati ya tano. Atakayekwenda na amwambie fundi tangu mwanzo kwamba anataka nakala mbili, moja ghafi na moja iliyosafishwa, na asirudi nyumbani kabla ya kusikiliza pande zote. Kanda ya saba bado iko kwake, kwa kuwa utepe wake umekatika karibu na mwisho na anatafuta kasha lenye skrubu la kuuhamishia. Kaka amepiga simu mara tatu kuulizia.